Deni Lisilolipwa: Kwa Nini Tamthilia ya Kisasi Haikuachi Ulale

Unga wa mahamri hausubiri tamthilia. Mama wa Langoni, mjini Lamu, anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi hukanda usiku: unga kilo mbili, tui, sukari, iliki, na hamira kidogo tu, kijiko kimoja cha chai, kwa sababu joto la mji huu halilali. Hesabu yake ni kuamka saa kumi na moja alfajiri akute unga umeumuka sawasawa. Akilala saa sita na nusu badala ya saa nne, kengele ya simu italia, ataizima, na atakapofumbua macho unga umeshapita. Umefurika juu ya beseni, ukiubonyeza kwa kidole unanywea, na harufu yake ni ya uchachu. Mahamri ya unga huo hunywa mafuta na hayavimbi. Mteja haulizi sababu, anakwenda kununua kwa jirani.

Sababu yenyewe ni kwamba alisema atatazama sehemu moja, akatazama tatu. Na si mvivu, wala hana akili ya kitoto. Amekaa mbele ya mtambo ulioundwa na watu wanaojua kazi yao, na mtambo wa kisasi ni mkali kuliko wa mapenzi matupu au wa vichekesho. Hapa tunaufungua tuone vipuri vyake, kisha tuone unapoweza kuzimwa bila kuvunja rimoti.

Hadithi iliyoitangulia runinga

Wengi hudhani tamthilia ya kisasi ilizaliwa Mexico au Istanbul. Kisasi na hadithi ya kukatwa vipande ni pacha wa zamani zaidi. Kati ya Agosti 1844 na Januari 1846, gazeti la Paris liitwalo Journal des Débats lilichapisha kwa mafungu The Count of Monte Cristo, kisa cha Alexandre Dumas, aliyekiandika akisaidiana na Auguste Maquet. Baharia Edmond Dantès anasingiziwa na watu wake wa karibu, anafungwa miaka 14 katika ngome ya kisiwani, anatoroka, anapata hazina, anarudi kwa jina jingine na kuwashukia adui zake mmoja baada ya mwingine. Gazeti lilikuwa na haja moja tu, msomaji anunue toleo linalofuata. Mtu mwenye orodha ya maadui alilifaa sana gazeti, maana orodha hufutwa jina moja moja.

Redio ya Marekani ikaongeza jambo la pili katika miaka ya 1930: michezo ya mchana ya kila siku, iliyogharamiwa na watengenezaji wa sabuni waliotaka sikio la mama wa nyumbani. Ndiyo maana mpaka leo Wamarekani huiita michezo hiyo kwa jina la sabuni. Ile haikuwa na mwisho. Mmoja wayo ulianza redioni mwaka 1937 ukaja kufungwa kwenye runinga mwaka 2009. Walioipa mwisho ni watu wa Amerika ya Kilatini, na huo ndio mtindo tuliouzoea huku: miezi kadhaa, halafu harusi na mazishi kwa pamoja.

Mwaka 2009 Waturuki walimvalisha Dantès suti nyeusi wakamwita Ezel. Ni kijana anayesalitiwa na rafiki na mchumba, anafungwa, anabadilishwa uso, anarudi tajiri. Mwaka 2011 Marekani ikatoa Revenge. Humo Dantès ni mwanamke, Amanda Clarke, anayeingia mtaa wa matajiri wa Hamptons kwa jina la Emily Thorne kuwaangusha waliomsingizia babake ugaidi. Mwaka 2013 Waturuki wakaichukua na hiyo wakaitengeneza upya kama İntikam, neno la Kituruki la kisasi walilolitoa Kiarabu, kama sisi tulivyolitoa letu.

Lakini Lamu haikungoja meli ya Mturuki. Utendi wa Fumo Liyongo, aliouandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi, una karibu kila kipuri cha tamthilia ya leo usiku. Liyongo yuko kifungoni. Mamake anampelekea, kwa mkono wa kijakazi, mikate mizuri pamoja na mkate wa wishwa. Walinzi wanakula mizuri na kumwachia ule wa wishwa, ambao ndani yake mna tupa ya kukatia pingu. Baadaye mwanawe wa kumzaa anampeleleza mpaka anapata siri ya kinachoweza kumuua, kisha anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Liyongo anafia kisimani akiwa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wa mji wanashinda na kiu kwa siku kadhaa, hakuna anayethubutu kusogea kuteka maji, kwa sababu wanadhani bado yu hai. Chakula chenye siri, msaliti wa damu, udhaifu anaoujua mmoja tu, kifo kisichoaminika. Ukiyajua hayo, utayatambua kila yanaporudi kwenye kioo.

Deni, na jinsi linavyozuiwa kulipwa

Kinachokunasa si kisasi chenyewe. Kingekuwa kisasi, ungetosheka adui wa kwanza alipoanguka. Kinachokunasa ni deni lililoandikwa mbele ya macho yako na ambalo mwandishi anahakikisha halilipwi.

Kwanza huja dhuluma, na lazima uione wewe mwenyewe. Haisimuliwi kwa maneno, huonyeshwa: mtoto anavutwa kutoka mkononi mwa babake, saini inaghushiwa, mlango wa seli unafungwa. Kwa kawaida yote hayo yako katika sehemu ya kwanza na ya pili, na hapo ndipo pesa nyingi za utengenezaji huenda. Aliyeziona hizo mbili ameshakuwa shahidi, na shahidi huona haya kuondoka mahakamani kabla ya hukumu.

Kisha unapewa siri. Stelingi anarudi kwa jina jingine, na katika jumba zima la adui hakuna anayemjua. Wewe unamjua. Hapo uhusiano unageuka: hutazami tena, unashirikiana naye. Ndiyo maana watu wazima, wenye heshima zao, huipigia kelele runinga: “Usinywe hiyo kahawa!” Watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliueleza ukaribu huu mwaka 1956, ule wa mtu kujihisi anajuana na mhusika wa kwenye kioo ambaye hana habari naye. Katika tamthilia ya kisasi ukaribu huo huja haraka, kwa sababu kuficha siri pamoja huwakurubisha watu kuliko kufurahi pamoja.

Stelingi hupewa pia msiri. Katika Revenge ni Nolan Ross, tajiri wa kompyuta. Kazi yake ya kwanza ni ya kiufundi tu: mpango wa kisasi haueleweki usiposemwa, na mtu anayepanga peke yake hana wa kumwambia. Kwa hiyo anaambiwa msiri ili usikie wewe. Ukiona msiri anauawa, jua mwandishi anabadilisha gia. Kuanzia hapo utaachwa gizani makusudi.

Breki hutiwa kwa penzi. Stelingi anampenda mtoto wa adui, au anajifanya kumpenda halafu anampenda kweli. Kila busu linachelewesha malipo, na kila malipo yanavunja penzi. Mtazamaji anajikuta anataka vitu viwili visivyokaa pamoja, akipata kimoja anakililia kingine. Katika vipuri vyote, hiki ndicho kilichotengenezwa kwa ustadi zaidi, ingawa watu hukiona cha kijinga.

Halafu kuna jambo ambalo watu huwa hawalioni. Neno kisasi limetokana na qisas, neno la Kiarabu la sheria, yaani kulipa kwa kadiri ulivyotendewa, bila kupita mpaka. Aya ya 40 ya Surat Ash-Shura inaweka kipimo hicho hicho, kisha inamsifu anayesamehe na kusuluhisha. Tamthilia haiwezi kuishi na kipimo hicho. Sawa kwa sawa ingemaliza kazi siku ya kwanza: kesi, hukumu, pazia. Hivyo mwandishi humwongezea adui dhambi mpya kila anapolipishwa ya zamani. Anapoteza kampuni, usiku huo huo anamteka mtoto. Deni linalipwa shilingi kumi na kuongezeka ishirini. Ukiitazama tamthilia yoyote ya kisasi kwa kalamu na karatasi, ukaandika dhambi za adui upande mmoja na adhabu zake upande wa pili, utaona safu ya kwanza haikubali kufupika kuliko ya pili.

Maadui wakiisha, kuna akiba mbili: siri ya nasaba (mtoto aliyebadilishwa hospitalini, baba ambaye si baba) na mfu kufufuka. Zote mbili ni hatari kwa tamthilia yenyewe, na Revenge ni mfano mzuri. Msimu wa kwanza, wenye sehemu 22, ulikwenda kasi kwa sababu maadui walikuwa watu wenye nyuso: Emily alikuwa akiwafuta kwenye picha kwa kalamu nyekundu. Msimu wa pili ukaleta kundi la siri linalovuta kamba nyuma ya wote, na watazamaji wengi wakalalamika kwamba hawaelewi tena nani anadaiwa nini. Mwanzilishi wa tamthilia, Mike Kelley, akaondoka baada ya msimu huo. Mwisho wa msimu wa tatu baba aliyekuwa akilipiziwa kisasi akaonekana yu hai. Sasa, kama marehemu hakufa, deni lilikuwa la nini? Ikadumu msimu mmoja zaidi, ikafungwa Mei 2015 ikiwa na sehemu 89. Anayetaka kujua kama tamthilia yake imeanza kuchoka ajiulize swali moja: naweza kumwambia jirani kwa sentensi moja nani anamdai nani? Ukihitaji sentensi tano, mwandishi naye amepotea.

Kichwani kunatokea nini

Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, mwanafunzi wa saikolojia huko Berlin, alichapisha majaribio yake kuhusu kazi zilizokatizwa. Aliwapa watu kazi ndogo ndogo, nyingine akawaacha wazimalize, nyingine akawakatiza katikati. Walipoulizwa baadaye, zile zilizokatizwa walizikumbuka zaidi. Majaribio ya watu wengine hayakutoa matokeo yale yale kila mara, lakini kila aliyelala akiwa amemwacha stelingi kwenye buti la gari anajua jambo hilo lina ukweli wake.

La pili linahusu kisasi hasa. Mwaka 2004 watafiti wa Zurich walichapisha jaribio ambalo wachezaji waliaminiana pesa, na aliyesalitiwa alipewa nafasi ya kumwadhibu msaliti, wakati mwingine kwa gharama ya pesa zake mwenyewe. Ubongo ulipopigwa picha, sehemu inayohusika na kutazamia kitu kitamu iliwaka pale mtu alipokuwa akiamua kuadhibu. Mwaka 2008 Kevin Carlsmith, Timothy Wilson na Daniel Gilbert wakaonyesha upande wa pili. Watu walitarajia kwamba anayelipiza atajisikia nafuu, na kwa kweli waliolipiza walijisikia vibaya kuliko wasiopata nafasi hiyo, maana waliendelea kumfikiria yule mtu.

Yaweke pamoja hayo mawili. Utamu uko katika kungoja, si katika kulipwa. Mwandishi wa tamthilia anaijua siri hiyo hata kama hajasoma utafiti wowote: anakuuzia kungoja. Anapolazimika kukulipa, anakulipa kwa dakika mbili, kisha anafungua deni jingine kabla hujahisi utupu unaofuata kisasi.

Umahiri wa kukata uko hapo. Sehemu ya saa nzima ya runinga ya Marekani, ukiondoa matangazo, ina dakika 42 hadi 44; ya nusu saa ina kama 22. Swali kubwa hufunguliwa katika dakika mbili au tatu za mwisho, na kwa kawaida hujibiwa katika dakika tano hadi kumi za mwanzo wa sehemu inayofuata. Tamthilia za Kituruki zina tabia yake. Kwao sehemu moja ya wiki huweza kupita saa mbili, na ikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi. Ndiyo sababu nyingine huishia mtu akiwa anatazama dirishani, muziki unalia, hakuna lililotokea. Kisu kilipita mahali ambapo mwandishi hakukikusudia. Na yale macho kutazamana kwa nusu dakika si mahaba peke yake, ni njia ya kujaza saa mbili kila wiki.

Mpenzi au mraibu?

Neno uraibu lina uzito Lamu na Malindi. Familia zilizopoteza vijana kwa dawa za kulevya zinalijua, na si vizuri kulitupia kila anayependa kipindi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeutaja uraibu wa kamari na wa michezo ya kompyuta. Wa kutazama tamthilia halikuutaja. Hata hivyo vipimo vyake vitatu vinafaa kuazimwa: umeshindwa kujizuia, jambo hilo limesukuma mengine nyuma, na unaendelea ingawa unaona madhara. Kwa michezo ya kompyuta hutazamwa muda wa kama miezi 12 kabla ya kutoa jina. Kulia sehemu ya mwisho si dalili. Kudanganya kuhusu muda uliolala ni dalili.

Watu hulaumu stima, nayo ndiyo yenye lawama ndogo. Runinga bapa ya inchi 32 pamoja na king'amuzi hula kama wati 50. Saa nne kwa siku ni robo ya yuniti haijafika. Yuniti moja ya tokeni inakupeleka siku tano. Pasi ya umeme huimaliza yuniti hiyo kwa saa moja. Bando ndilo linalouma. Kutazama kwa ubora wa kati hula kama GB 0.7 kwa saa, na ubora wa juu unaweza kufika GB 3. Msimu mmoja wa sehemu 22 ni karibu saa 16: GB 11 kwa kati, zaidi ya 45 kwa juu. Kwenye kioo cha simu cha inchi sita macho hayaoni tofauti kubwa, kwa hiyo shusha ubora kwanza kabla ya kulia na bei.

Gharama kubwa ni usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Anayeamka saa kumi na moja kwa sala ya alfajiri anatakiwa awe amelala saa nne usiku, wala si kuanza kutazama saa nne. Hesabu hiyo haina ujanja. Mwezi wa Ramadhani hubadilika yote, watu hutoka tarawehe wakatazama mpaka daku, lakini mchana wake huwa na usingizi wa kufidia. Hatari ni kubaki na saa za Ramadhani mwezi wa Shawwal.

Pa kukatia

Kosa la kawaida ni kujiambia: “Nikimaliza hii nitazima.” Mwisho wa sehemu ndipo pabaya kuliko pote pa kuzimia, kwani hapo ndipo ndoano ilipofichwa. Kata katikati. Ngoja swali la jana lijibiwe, acha dakika kumi za kwanza zipite, halafu tafuta utulivu wa kati: kwa sehemu ya dakika 43 ni kama dakika ya 20 hadi ya 25, wakati wahusika wanakula au wanasafiri na njama mpya haijaiva. Kwa ile ya nusu saa, ondoka kwenye tangazo la kwanza. Kesho utaanzia hapo hapo, na kila usiku utalala baada ya jibu badala ya swali. Siku mbili za kwanza utahisi kama mtu aliyeacha pilau kwenye sahani. Siku ya tano unazoea.

Pili, zima kujiendesha. Kwenye YouTube kitufe chake kiko juu ya video yenyewe. Kwenye Netflix kiko katika mipangilio ya wasifu wako, mahali pa kuchagua jinsi video zinavyochezwa. Ondoa alama ya kucheza sehemu inayofuata yenyewe. Zile sekunde chache za kuhesabu chini si adabu ya mtandao, zimewekwa ili uamuzi wa kuendelea usiwe wako.

Tatu, mpe ubongo miadi. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba jambo lisilomalizika huacha kusumbua mtu akishalipangia lini na vipi atalimaliza. “Kesho saa mbili, baada ya kukanda” inatosha, ila iwe saa ya kweli. “Baadaye” haitoshi.

Na kwa anayekufa kwa shauku, kuna dawa ya barazani: muulize aliyeimaliza. Mwaka huo huo wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego waligundua kwamba wasomaji walioambiwa mwisho wa hadithi mapema hawakuharibikiwa. Wengi waliifurahia zaidi. Mji wa Lamu una watu ambao watakumalizia misimu minne kabla kahawa haijapoa, tena bila kuombwa.

Mbinu zinazoharibika ni mbili. Ya kwanza ni kuficha rimoti. Anayenyimwa runinga ya sebuleni huhamia kwenye simu, ndani ya chandarua, masikioni ameziba, na hapo ndipo tatizo huota mizizi. Sebuleni kuna breki nyingi: mtoto analia, mume anapiga miayo, stesheni yenyewe inamaliza kipindi na kukuambia kesho. Mwaka 1980 Wamarekani walingoja kutoka Machi mpaka Novemba kujua nani alimpiga risasi J.R. wa Dallas, wakaenda kazini kama kawaida, maana hakukuwa na kitufe cha kubonyeza. Simu haina kesho. Ukiweza kuchagua, tazama na watu, kwa ratiba ya stesheni.

Ya pili ni kuacha ghafla, katikati ya msimu, huku nyumba nzima inaendelea kutazama. Utakaa jikoni ukisikiliza ukutani, na usiku wa tatu utarudi na kutazama tano kwa mpigo kufidia. Afadhali kupunguza mpaka msimu wenyewe ufungwe.

Jambo moja hutokea polepole na halihusu saa. Baada ya miezi mitatu ya kuishi na watu wenye njama, jirani ambaye hakuitikia salamu anaanza kuonekana mwenye mpango. Nyumba ya urithi yenye ndugu saba, kesi ya shamba iliyoahirishwa mara ya nne: mambo haya yana uchungu wa kweli, na tamthilia huyapa umbo lililo tamu kuliko la kweli. Mahakama ya kadhi haina muziki. Haileti adui akipiga magoti. Inaleta karatasi, mashahidi wawili na tarehe nyingine. Ukijikuta unatunga maneno ya kumwambia shemeji siku utakayomuumbua mbele ya watu, na unayatunga kwa sauti ya stelingi, pumzika wiki nzima. Wale waliolipiza katika jaribio la 2008 nao walidhani kisasi kimewafaa.

Kisha siku moja tamthilia inaisha. Stesheni hujua pengo litakalobaki, kwa hiyo tangazo la tamthilia ijayo huanza kabla, na mara nyingi huwekwa saa ile ile ili mkono usihangaike. Kumbuka pesa na nguvu za tamthilia mpya ziko wapi: sehemu ya kwanza na ya pili, kwenye dhuluma. Anayetaka miezi michache ya kulala mapema hana haja ya kuuza runinga. Atoke usiku huo na ule unaofuata, aende uwanja wa Mkunguni akapunge upepo, au akande unga wa siku mbili. Akiingia sehemu ya tatu bila kuiona dhuluma, atakuta tu mtu mwenye hasira, kavaa vizuri, anawaharibia wenzake harusi.